Kontra inasema Johannesburg, deni liko Lubumbashi: nishitaki wapi?

BARUA

Jambo Maître,

Mimi ni mama mjane, naishi Kampemba hapa Lubumbashi. Marehemu bwana yangu aliniachia kamyo moja ya benne. Ya pili niliinunua mwenyewe kwa miaka saba ya kuuza samaki wakavu wa Kasenga. Kamyo hizo mbili ndizo zinalisha nyumba na kusomesha watoto wanne.

Mwaka jana mtu wa kampuni moja ya kigeni alinifuata nyumbani. Walikuwa wanaponda mawe kwenye kariyeri upande wa Likasi, wakatafuta kamyo za kuyabeba mpaka kwa wateja wao huku mjini. Tulisikilizana dola 4,800 kwa mwezi kwa kila kamyo, mazuti juu yao, shofere juu yangu. Kontra ilikuwa na kurasa kumi na moja za Kifaransa. Nilisoma ukurasa wa bei, nikasoma ukurasa wa mazuti, nikasaini pale pale mezani kwangu.

Kamyo zilifanya kazi miezi sita. Miezi miwili ya kwanza walilipa vizuri. Minne iliyofuata hawakutoa kitu, na hesabu imefika dola 38,400. Faktire ninazo zote, na karatasi za kila safari zimesainiwa na mtu wao. Kila nikienda ofisini kwao mtaa wa Golf naambiwa mkubwa yuko safarini, nirudi Ijumaa. Sasa ni miezi tisa tangu kamyo zangu ziliposhusha mzigo wa mwisho.

Nilienda kwa avoka mmoja wa mtaani kwetu. Alifungua ukurasa wa kumi akanionyesha mistari hii: « Le présent contrat est régi par le droit sud-africain. Tout litige y relatif sera porté devant les tribunaux de Johannesburg. » Yaani kontra inafuata sheria ya Afrika Kusini, na ugomvi wowote juu yake utapelekwa mahakama za Johannesburg. Akafunga karatasi, akasema: "Mama, hapa hakuna kesi. Ukitaka pesa yako, panda ndege." Shemeji yangu naye anasema huyo avoka ni mwoga. Kazi imefanyika Katanga, mawe ni ya Katanga, karatasi haiwezi kumfukuza hakimu wetu, tena maandishi yenyewe ni madogo na yamefichwa kwenye ukurasa wa kumi. Nimsikilize nani?

Kuna mambo mawili mengine. Jumapili iliyopita mtoto wangu aliona mashine mbili za kampuni zikipakiwa kwenye trela, watu wakasema zinaelekea mpakani Kasumbalesa. Na shofere wangu wawili nina deni lao la miezi mitatu. Mmoja ameniuliza kama akinishitaki, na yeye kontra yangu itampeleka Johannesburg. Sikuwa na jibu, na nimeona haya.

Mama wa Kamyo Mbili,
Kampemba

JIBU

Mama yangu, pole kwa jasho la miezi minne lililoliwa na watu. Nitaanza kukujibu kutoka mwisho wa barua yako, kwa kuwa huko ndiko kunakoungua: zile mashine mbili kwenye trela.

Zikishavuka Kasumbalesa, ule mstari wa Johannesburg utapata nguvu ambayo leo hauna. Mtu akidhulumiwa pesa huuliza kwanza ashitaki wapi. Mimi nakuomba uulize kwanza mali ya mdeni iko wapi. Hakimu wa Lubumbashi anaweza kukupa hukumu yenye mihuri yote, lakini kama kampuni haina tena hata kiti hapa mjini, hukumu hiyo utaiweka kabatini. Na hata kama kesi yenyewe itaishia kusikilizwa Afrika Kusini, mali iliyozuiliwa hapa inamfanya yule mkubwa aliye safarini siku zote apate nafasi ya kukaa na wewe mezani.

Basi wiki hii, usingoje ijayo, tafuta avoka aliyezoea kazi ya kudai madeni, umtajie saisie conservatoire. Ni kuzuia mali ya mdeni isihamishwe wala kuuzwa wakati kesi bado haijaamuliwa. Nchi yetu imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA ya kudai madeni, ile ya 1998 iliyoandikwa upya mwaka 2023, inakuruhusu kumwomba hakimu ruhusa hiyo bila mdeni kuitwa kwanza. Unamwonyesha hakimu mambo mawili: kwamba deni linaonekana lina msingi, na kwamba kuna jambo linalotishia malipo yake. La kwanza umelitunza vizuri, faktire na karatasi za safari zenye saini. La pili ni ile trela. Mtoto wako aandike leo alichokiona, siku, saa, mahali, namba ya trela kama aliishika. Kama alipiga picha, asiifute.

Ombi la namna hii linapelekwa kwa hakimu wa mahali anapokaa mdeni, na wako ana ofisi Golf. Mstari wa Johannesburg unahusu nani atakayeamua kesi. Kumfunga mbuzi mtini si kuamua mbuzi ni wa nani. Avoka wao atabisha, lazima abishe, lakini kati ya milango yote uliyo nayo leo, huu ndio ulio wazi zaidi.

Ila usiikimbilie mashine kwa sababu ni kubwa na inaonekana. Mashine za kuponda mawe mara nyingi ni za kukodi, au bado ni za aliyeziuza kwa mkopo. Ukizuia mali ya mtu mwingine, mwenyewe atakuja na karatasi zake, na wewe utakuwa umepoteza siku na pesa. Mimi ningeanza na vitu visivyopakiwa kwenye trela: akaunti yao ya benki hapa mjini, na pesa ambazo wateja wao bado hawajawalipa. Sheria inaruhusu kuzuia pesa ya mdeni iliyo mikononi mwa mtu wa tatu. Na wateja hao wanajulikana kwa nani kuliko shofere wako, waliowashushia mawe miezi sita mfululizo? Kaa nao jioni moja, mwandike orodha: jina la chantier (mahali pa ujenzi), barabara, nani alipokea. Orodha hiyo inaweza kukufaa kuliko mashine zote mbili.

Ujue pia kwamba saisie haiishi muda mrefu. Ukishazuia mali, unatakiwa kufungua kesi yenyewe ndani ya muda mfupi uliowekwa na sheria, la sivyo kizuizi kinakufa. Kwa hiyo swali lako la kwanza hatuwezi kulikwepa: kesi yenyewe, wapi?

Avoka wa mtaani kwenu amesema nusu ya ukweli. Nusu hiyo iko katika kifungu cha 33 cha dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo mpaka leo ndiyo sheria yetu: makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Ulisaini kurasa zote kumi na moja, Mama, pamoja na zile ambazo hukuzisoma. Kifungu hicho hicho kinadai mkataba utekelezwe kwa nia njema, na machoni pangu mtu anayefanyisha watu kazi miezi minne bila kuwalipa hana nia njema. Lakini hilo peke yake halifuti mstari wa ukurasa wa kumi.

Alichosahau avoka ni kwamba sharti la namna hii halisimami lenyewe mahakamani, linasimamishwa na mtu. Angalia sheria ya mahakama zetu, namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013. Kwa kawaida mshitakiwa anafuatwa mahali anapokaa. Katika mambo ya mkataba unaweza pia kwenda kwa hakimu wa mahali wajibu ulipozaliwa au ulipotakiwa kutekelezwa, na hata mgeni anaweza kuitwa mbele ya hakimu wetu kwa njia hiyo. Kontra ilisainiwa mezani kwako Kampemba, mawe yalibebwa kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, ofisi iko Golf. Yote hayo yanavuta huku. Kinachovuta Johannesburg ni ule mstari tu.

Sasa, kanuni hizi za mji gani zimewekwa kwa nafuu ya wenye kesi, kwa hiyo wenyewe wanaweza kuziacha, ama kwa kuandika mji mwingine kwenye mkataba, ama kwa kunyamaza. Hazifanani na zile zinazogawa kazi kati ya aina za mahakama, ambazo watu wawili hawawezi kuzibadili kwa kusikilizana. Ukifungua kesi kwenye Tribunal de commerce, mahakama ya biashara, ya Lubumbashi, ni kampuni inayotakiwa kusimama na kusema hapa si mahali pake, tena iseme mwanzoni kabisa, kabla ya kujibu habari ya deni. Ikianza kubishana juu ya idadi ya safari au lita za mazuti, imeshamkubali hakimu wa hapa. Kuna kampuni zinazosahau. Kuna nyingine ambazo hazitaki gharama ya avoka wawili katika nchi mbili kwa deni la ukubwa huu, basi zinaamua kumalizia kesi hapa. Avoka wa mtaani kwenu alikuwa ameshakujibia kwa niaba ya adui yako kabla adui mwenyewe hajafungua mdomo.

Na iko njia fupi zaidi ya kesi kamili: injonction de payer, amri ya kulipa inayotolewa kwa kutazama karatasi. Inafaa kwa deni linalotoka kwenye mkataba, ambalo hesabu yake inajulikana na siku yake ya kulipwa imepita. Deni lako ni la namna hiyo. Ombi linapelekwa kwa mahakama ya mahali anapokaa mdeni, na sheria ya OHADA imeandika wazi kwamba ni mdeni peke yake anayeweza kulalamika kuwa mji si wenyewe. Hakimu hawezi kukurudisha nyumbani kwa sababu hiyo kwa kujiamulia. Kabla ya ombi, peleka barua ya mwisho ya kudai kwa mkono wa huissier, ofisa anayefikisha karatasi za kisheria, ili asije akasema hakuwahi kudaiwa.

Nije kwa shemeji yako, mtu mwenye moyo mzuri ambaye ushauri wake unaweza kukuumiza. Hoja yake, kwamba jambo limetokea hapa kwa hiyo hapa ndipo pa kuamuliwa, ilishawahi kuletwa na watu wenye mamilioni, na wakashindwa. Kampuni ya Zapata ya Houston, Texas, iliwapa Wajerumani wa Unterweser kazi ya kuvuta mtambo wa kuchimba mafuta baharini kutoka Louisiana mpaka Ravenna, Italia. Mkataba uliandika kwamba ugomvi wowote utapelekwa mahakamani London. Januari 1968 dhoruba ikawakuta katika Ghuba ya Meksiko, mtambo ukaharibika, meli ya kuvuta iliyoitwa Bremen ikauburuta mpaka Tampa, Florida. Zapata ikashitaki pale pale Tampa, ikidai dola 3,500,000. Iliona kama shemeji: ajali iko huku, mashahidi wako huku, London inahusika nini? Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 8 kwa 1, ikasema sharti lililokubaliwa kati ya wafanyabiashara linaheshimiwa, isipokuwa anayelikataa aonyeshe kwamba ni la dhuluma, limepatikana kwa udanganyifu, au litamnyima kabisa nafasi ya kusikilizwa.

Katika kesi hiyo kuna jambo dogo ambalo watu hawalisimulii, na kwako ndilo kubwa. Meli Bremen ilipofika tu Tampa ilikamatwa, na haikuachiliwa mpaka Wajerumani walipoweka dhamana ya dola 3,500,000. Unaweza kuwa na mashaka juu ya mahakama na bado ukawa umeshika kamba ya mbuzi.

Kuhusu maandishi madogo, shemeji ana msaada kidogo, lakini hautoki Marekani. Huko, mwaka 1991, mahakama hiyo hiyo ilimpeleka abiria aliyeumia melini mpaka Florida kwa sababu ya maneno yaliyochapwa kwenye tiketi yake. Wafaransa wamechagua njia nyingine: kifungu cha 48 cha sheria yao ya mashauri ya madai kinalihesabu sharti kama hili kuwa halikuandikwa, isipokuwa pande zote zilisaini zikiwa wafanyabiashara na sharti lenyewe linaonekana wazi kabisa kwenye karatasi. Sheria ya Ufaransa haimfungi hakimu wa Lubumbashi, na Wafaransa wenyewe wanaitumia zaidi kwa mikataba ya ndani ya nchi yao. Lakini avoka zetu wamesomea vitabu hivyo, na hoja hiyo inaweza kuletwa. Mimi nisingejenga nyumba juu yake. Wewe ni mwenye biashara ya uchukuzi, ulikuwa na kontra mkononi, hakuna aliyekuficha ukurasa wa kumi.

Tusome basi maneno yenyewe, kwa sababu hapo kuna nafasi zaidi kuliko kwenye ukubwa wa herufi. Mistari miwili uliyonakili ni mambo mawili tofauti. Wa kwanza unachagua sheria ya Afrika Kusini, yaani kipimo atakachotumia mwamuzi. Wa pili unachagua mahali. Hakimu wa Lubumbashi anaweza kuamua kesi yako kwa kipimo cha Afrika Kusini, kwa hiyo avoka wao akitaja mstari wa kwanza kama sababu ya kukufukuza hapa, amechanganya. Katika mstari wa pili tazama kitenzi. Kontra nyingine zinaandika "pourra être porté", yaani ugomvi unaweza kupelekwa huko, na hapo mji uliotajwa unaongezwa tu kwenye ile ambayo sheria inakupa. Nyingine zinaandika "seuls compétents" au "exclusivement", na hapo milango mingine yote imefungwa kwa ufunguo. Yako inasema "sera porté": itapelekwa. Ni neno la amri, lakini "seuls" haimo. Avoka mzuri ataingia kwenye ufa huo na kusema kwamba sharti linalomnyima mtu hakimu wake wa kawaida lazima liseme hivyo bila kubahatisha. Sikuahidi kwamba hakimu atakubali. Nakuambia tu kwamba hoja hiyo inaweza kusimama.

Halafu, nani alisaini? Swali hili watu wanalipita mbio, na kwako naliona zito kuliko vitenzi vyote. Tazama jina la kampuni juu ya kontra, kisha jina lililo ndani ya muhuri mwishoni, kisha jina walilotaka uweke kwenye faktire. Je, ni jina moja? Kampuni nyingi za nje zinazofanya kazi Katanga zina kampuni nyingine iliyoandikishwa hapa, yenye namba yake ya RCCM, daftari la biashara, inayoanza na CD na kufuatiwa na herufi za Lubumbashi. Ikiwa aliyesaini ni hiyo ya hapa, basi pande zote mbili zina makao Katanga, kazi ni ya Katanga, pesa ilitakiwa kulipwa Katanga, na Johannesburg inabaki jina tu kwenye karatasi. Hoja yako inapata miguu. Ikiwa aliyesaini ni kampuni mama ya Afrika Kusini lakini aliyekuwa akikulipa na kupokea faktire ni ya hapa, avoka wako atakuwa na kazi nzuri ya kueleza ni nani hasa mdeni wako.

Nikuambie pia Johannesburg ikoje, ili usiiogope zaidi ya ilivyo wala kuidharau. Utahitaji avoka wa kule, karatasi zako zote zitafsiriwe Kiingereza, na mshitakiwa anaweza kuomba wewe usiyekaa nchini uweke dhamana ya gharama kabla ya kusikilizwa. Ukishinda na mali iko Lubumbashi, hukumu lazima irudi kwa hakimu wetu kuombewa exequatur, yaani ruhusa ya kuitekeleza hapa. Ataangalia kama haipingani na utaratibu wa umma, kama imekuwa ya mwisho, kama haki ya kujitetea iliheshimiwa. Kuna mkataba wa Den Haag wa tarehe 30 Juni 2005 unaorahisisha safari hiyo ya hukumu pale watu walipochagua mahakama, ila Kongo haimo, wala Afrika Kusini. Kwa dola 38,400 safari hiyo ya kwenda na kurudi inaweza kula deni lenyewe. Lakini ikionekana kwamba mali yote imehamia kule, Johannesburg itakuwa ndiyo mahakama yako, na sharti hilo hilo litawanyima wao nafasi ya kusema umekosea mji. Ndiyo maana mji wa mbali si mbaya siku zote: mfanyabiashara wa kwetu anayeingiza bidhaa kupitia bandari ya Dar es Salaam asinung'unike akiona mkataba wa wakala wake unataja mahakama za Dar. Maghala ya wakala yako Dar, akaunti ziko Dar, na sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania.

Muda, Mama. Umesema miezi tisa. Kwa madeni ya biashara sheria ya OHADA inatoa miaka 5. Sheria ya Afrika Kusini, ambayo kontra yako imeichagua, kwa deni la kawaida inatoa miaka 3. Lakini iko sheria nyingine ya OHADA, ya tarehe 22 Machi 2003, juu ya kubeba mizigo kwa barabara, na yenyewe inatoa mwaka 1 tu tangu mzigo ulipofika. Je, kontra yako ni ya kukodisha kamyo au ni ya kubeba mizigo? Bei ya mwezi inafanana na kukodisha, karatasi za kila safari zinafanana na kubeba. Usingoje wataalamu waamue. Jihesabie mwaka mmoja, na kwa mizigo ya miezi ya kwanza ambayo haikulipwa mwaka huo umeshakaribia kwisha au umekwisha. Ndiyo maana nasema wiki hii.

Shofere wako. Mwambie asiogope: kontra yako na kampuni haimgusi. Yeye ni mfanyakazi wako, na mgogoro wa kazi unakwenda kwanza kwa inspekta wa kazi kwa mapatano, kisha kwenye mahakama ya kazi ya mahali kazi inapofanyika, yaani hapa hapa. Ni haki yake hata kama wewe hujalipwa. Naelewa haya uliyoiona. Ila ukipata chochote, hata malipo ya nusu, waanze wao, na leo waandikie kwa mkono wako kiasi unachodaiwa na kila mmoja. Utawahitaji kama mashahidi wa safari zote zile, na mtu aliyeheshimiwa hushuhudia vizuri.

Kamyo zikipata kazi nyingine, msomee atakayekuletea kontra mstari huu: « Tout litige relatif au présent contrat relève exclusivement du Tribunal de commerce de Lubumbashi », yaani ugomvi wowote juu ya kontra hii ni wa mahakama ya biashara ya Lubumbashi peke yake. Wengine watakuletea sharti linaloonekana la haki, kwamba kila mtu amshitaki mwenzake mjini kwa mwenzake. Likatae. Wewe ndiye unayefanya kazi kwanza na kulipwa baadaye, kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa unadai, na wewe ndiye utakayesafiri. Wengine watapendekeza clause d'arbitrage, waamuzi wa binafsi mahali pa hakimu. Kwa mkataba mkubwa na mtu wa nje ni jambo jema, kwa sababu Kongo iliingia mwaka 2014 katika mkataba wa New York wa 1958, na uamuzi wa namna hiyo unatekelezeka katika nchi nyingi kwa urahisi kuliko hukumu ya mahakama. Kwa kamyo mbili, malipo ya waamuzi yatakuelemea. Na kama hawataki kabisa kuiacha Johannesburg, dai malipo ya mwezi kabla ya kamyo kuwasha moto.

Leo jioni fungua ukurasa wa kumi na moja, soma jina lililo ndani ya muhuri na namba iliyo chini yake, uniandikie. Kesho asubuhi uwe kwa avoka na faktire zako, karatasi za safari, maelezo ya mtoto wako, na ile orodha ya shofere.